Asiyeijua nchi anayoipiga, je, ana udhuru?

MWEZI Novemba 2002, wiki chache tu baada ya Bunge la Marekani kumpa Rais George W. Bush idhini ya kuivamia Iraq, jumuiya ya National Geographic ya huko huko Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wake juu ya vijana na ramani ya dunia. Waliulizwa vijana wenye umri wa miaka 18 hadi 24, yaani umri ule ule wa wanaopewa bunduki na kupelekwa vitani. Katika kila vijana 100 wa Kimarekani, ni 13 tu walioweza kuonyesha Iraq ilipo. Afghanistan, ambayo wakati huo ilikuwa imeshapigwa mabomu kwa zaidi ya mwaka mzima, ilionyeshwa na 17. Kilichowatia aibu zaidi watafiti ni kwamba takriban theluthi moja ya vijana hao walijua kuwa kisiwa kilichotumika katika mchezo wa televisheni uitwao Survivor kipo Pasifiki ya Kusini. Kwa hiyo vichwa vilikuwa na nafasi. Suala ni nini kiliwekwa ndani yake.

Utafiti kama huo ulirudiwa mwaka 2006. Vita vya Iraq vilikuwa na miaka mitatu, majeneza yanarudi, na kila usiku jina la Baghdad linatajwa katika taarifa ya habari. Asilimia 63 ya vijana wakashindwa kuionyesha Iraq.

Habari za namna hii zikifika kwetu, katika baraza za kahawa na nje ya misikiti baada ya swala, watu hucheka. Husimuliwa yule mtangazaji wa televisheni wa Boston aliyemuuliza Bw. Bush mwaka 1999, akiwa bado mgombea, majina ya viongozi wa Chechnya, Taiwan, Pakistan na India, naye akaambulia nusu ya jina moja tu, la Taiwan. Husimuliwa Gary Johnson, mgombea urais wa mwaka 2016, aliyeulizwa kuhusu Aleppo akauliza Aleppo ni nini, wakati mji huo unageuzwa kifusi. Kicheko hicho mimi sikilaumu, mnyonge naye ana haki ya kumcheka mwenye nguvu. Lakini kicheko kinatufanya tulipite swali lenyewe. Swali ni hili: mtu anayetoa kodi yake na kura yake ili nchi fulani ipigwe, naye haijui nchi hiyo iko wapi, wala watu wake ni akina nani, je, kutojua kwake ni udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya walimwengu? Au ni kosa la pili juu ya kosa la kwanza?

Katika fiqhi suala la udhuru wa kutojua si geni. Mafaqihi wametofautisha watu wawili. Yupo aliyesilimu jana, au aliyekulia porini mbali na wanazuoni, huyu akinywa pombe kwa kutojua kuwa ni haramu anasamehewa na kufundishwa. Na yupo anayeishi mjini, adhana anaisikia, darsa ziko hatua chache kutoka mlangoni kwake, lakini hakujishughulisha kuuliza. Huyu wa pili akisema "sikujua" anaulizwa: kwa nini hukujua? Kinachopimwa kwake si elimu aliyoikosa bali njia iliyokuwa wazi naye akaiacha.

Sasa tumtazame Mmarekani. Je, yeye ni mtu wa porini? Nchi yake ina maktaba kubwa kuliko zote duniani, ile ya Congress mjini Washington. Maktaba hiyo imefungua ofisi Nairobi tangu miaka ya 1960, kazi yake ni kununua vitabu na magazeti ya Afrika Mashariki na kuyapeleka kwao. Mwaka 1958, baada ya Warusi kuwatangulia kurusha chombo angani, Congress ilipitisha sheria ya kugharimia masomo ya lugha na nchi za kigeni vyuoni, na ndiyo sababu mpaka leo Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Marekani, walimu wake wengine wakiwa watoto wa hapa hapa Pwani. Kwa hiyo elimu wanayo, tena wanayo kwa ghala. Ila ghala liko upande mmoja na mpiga kura yuko upande mwingine.

Na hata wale waliowekwa karibu na ghala hawakuwa bora sana. Desemba 2006 Bw. Silvestre Reyes, mbunge aliyekuwa anajiandaa kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Ujasusi ya Bunge, aliulizwa na mwandishi mmoja: Al-Qaeda ni Sunni au Shia? Akajibu kuwa huenda wengi wao ni Shia. Mtoto wa madrasa angemsahihisha. Mwezi huo huo tume iliyoongozwa na James Baker na Lee Hamilton iliripoti kwamba katika ubalozi wa Marekani mjini Baghdad, wenye watumishi 1,000, waliokuwa wanazungumza Kiarabu ni 33, na wanaokimudu barabara ni sita. Sita! Hawa ndio waliokwenda kuijenga upya nchi ya watu zaidi ya milioni 25.

Wanazuoni wetu wametufundisha pia kuwa ujahili ni wa aina mbili. Upo ujahili mwepesi, wa mtu asiyejua naye anajijua kuwa hajui. Huo dawa yake ni kuuliza. Na upo ujahili murakkab, uliobebana: mtu hajui, na hajui kuwa hajui, anadhani anajua. Huu wa pili ndio unaoua watu. Agosti 2003 gazeti la Washington Post lilifanya kura ya maoni, na Wamarekani 69 katika kila 100 wakasema inaelekea Saddam Hussein alihusika binafsi na mashambulizi ya Septemba 11. Hao si watu wasiojua kitu. Ni watu wanaojua kitu ambacho hakipo. Bush mwenyewe alikiri mwezi uliofuata kwamba hakuna ushahidi wa jambo hilo, lakini Baghdad ilikuwa imeshaanguka miezi mitano nyuma.

Mwaka 2014 watafiti watatu wa vyuo vikuu vya Marekani waliwaomba Wamarekani waonyeshe Ukraine kwenye ramani. Aliyefanikiwa alikuwa mmoja katika kila sita. Lakini lenye uzito zaidi ni hili walilolikuta: kadiri mtu alivyoiweka Ukraine mbali na mahali pake pa kweli, ndivyo alivyoelekea zaidi kutaka Marekani ipeleke jeshi huko. Desemba 2015 kampuni ya kura za maoni ya Public Policy Polling iliwauliza wapiga kura kama wanaunga mkono kupigwa mabomu mji wa Agrabah. Asilimia 30 ya wafuasi wa Republican wakasema ndiyo, na asilimia 19 ya Democrat nao wakasema ndiyo. Agrabah ni mji wa katika filamu ya katuni ya Aladdin. Haupo duniani. Jina tu lenye harufu ya Kiarabu lilitosha.

Mtu atasema hayo ni mambo ya karatasi. Basi tuangalie ya damu. Septemba 15, 2001 mjini Mesa, jimbo la Arizona, Mmarekani mmoja mwenye hasira za New York alimpiga risasi na kumuua mwenye kituo cha mafuta kwa sababu alikuwa na ndevu na kilemba. Marehemu alikuwa Singasinga kutoka India, si Mwarabu, wala si Muislamu. (Na angekuwa Muislamu je? Wapo walioomboleza kosa la utambulisho kana kwamba kosa lilikuwa hilo tu.) Mei 1999 ndege za Marekani ziliupiga ubalozi wa China mjini Belgrade, waandishi watatu wa Kichina wakafa. Maelezo ya Washington yalikuwa kwamba ramani zao zilikuwa za zamani, hazikuonyesha kuwa ubalozi umehama. Wachina hawakuyakubali. Lakini tuseme ni kweli: dola yenye setilaiti za kuona paa la nyumba ya mtu inakuja kujitetea kwa ramani iliyochakaa!

Suratul Hujurat, ambayo wengi tunaisoma bila kuunganisha aya zake, ina maagizo mawili yanayohusu jambo hili. Katika aya ya 6 waumini wanatakiwa wazihakiki habari zinazoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Katika aya ya 13 wanadamu wote wanaambiwa sababu ya kufanywa mataifa na makabila tofauti, nayo ni kujuana. Kujuana basi si starehe ya watalii. Ni sababu iliyotajwa ya sisi kuwa tofauti. Muislamu wa kawaida analazimika hata kuijua jiografia kidogo, kwa sababu mara tano kwa siku lazima ajue Makka iko upande gani. Sisi wa Dar es Salaam imetuangukia rahisi, Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini yetu. Waislamu wa Marekani ndio waliopata kazi. Ramani ya ukutani inawaonyesha kusini mashariki, lakini kwa kuwa dunia ni mviringo, njia fupi ni kaskazini mashariki, na ndiko unakoelekea msikiti maarufu wa Washington uliofunguliwa mwaka 1957.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Yule fundi wa Ohio, anayefanya kazi mbili ili alipe nyumba na bima, nchi yake ni bara zima. Anaweza kusafiri kilomita 4,000 akakuta lugha ile ile na chakula kile kile. Nani atamlazimisha aijue Basra? Na zaidi ya hapo, kujua kumemzuia nani asidhulumu? Waingereza waliijua Iraq vizuri. Bibi Gertrude Bell, aliyesaidia kuchora mipaka yake, alizungumza Kiarabu na aliyajua makabila ya huko kwa majina. Na ni Waingereza hao hao walioyapiga makabila hayo kwa ndege katika miaka ya 1920. Hapa kwetu Wajerumani walikuwa na maofisa waliokisema Kiswahili sanifu kuliko wengi wetu, na bado Maji Maji ilizimwa kwa njaa na moto.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haimuokoi asiyejua. Inamuongezea mwenzake. Katika mafundisho ya Mtume (S.A.W) kuhusu makadhi, wanaoangamia ni wa namna mbili: anayeijua haki akahukumu kinyume chake, na anayehukumu watu bila elimu. Mwingereza wa 1920 yuko katika fungu la kwanza. Mpiga kura wa 2003 yuko katika fungu la pili. Raia wa nchi ya kifalme au ya udikteta anaweza kusema hakuulizwa. Raia wa nchi inayojisifu kwa demokrasia ameulizwa, na akajibu. Amekalia sehemu ya kiti cha kadhi. Aliyekubali kiti hawezi kusema alikuwa na shughuli nyingi hakupata nafasi ya kusoma jalada la kesi. Hata fundi wa Ohio: hakuna aliyemtaka aijue Basra kwa ajili ya kuijua. Alichotakiwa ni kusita kuipiga mpaka aijue.

Hapa lakini tuwe waangalifu sana, maana wapo walioichukua hoja hii na kuipeleka kwenye mauaji. Walisema: kwa kuwa raia wa Marekani anapiga kura na kulipa kodi, basi damu yake ni halali. Hilo halifuati. Lawama ni jambo moja na damu ni jambo jingine, na hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Tunalijua hili kwa machungu. Ijumaa ya Agosti 7, 1998 mabomu yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, Wamarekani wakiwa 12. Dar es Salaam walikufa 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja. Waliotega walilijua jengo, hawakuwajua watu. Siku 13 baadaye Marekani nayo ikalipiza kwa kukipiga kiwanda cha dawa cha Al-Shifa nchini Sudan, ikidai ni cha silaha za sumu, madai ambayo haikuweza kuyathibitisha mbele ya dunia. Wagonjwa wa Sudan wakakosa dawa kwa ajili ya ugomvi ambao haukuwa wao.

Na sisi wenyewe? Ni kweli ujahili wetu haurushi makombora, na kwa sababu hiyo haulingani na wa Marekani. Asiyejua Kyrgyzstan iko wapi pale Kariakoo hajamdhuru Mkyrgyz yeyote. Lakini Machi 2008, Rais Kikwete akiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, wanajeshi wa Tanzania walitua Nzwani katika visiwa vya Komoro kumng'oa Kanali Mohamed Bacar. Watu wa Nzwani ni Waislamu, Mashafii kama sisi, lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, na kisiwa chao kiko karibu zaidi na Mtwara kuliko Mwanza ilivyo na Dar es Salaam. Ilikuwa sahihi kwenda au la, hilo lina mjadala wake. Ila usiku ule, taarifa ya habari ilipotangaza kuwa majeshi yetu yameingia, ni wangapi katika sisi tuliokuwa tunasikiliza tungeweza kuweka kidole juu ya Nzwani?