Damu ya Jamaa na Damu ya Mtu Baki

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja akaaye Nakuru, mtu wa Pwani aliyehamia huko kwa biashara. Asema kwamba mtoto wa dada yake alihitaji kutiwa damu. Baba akajitoa, ikaonekana damu yake haimfai mwanawe. Mama akajitoa, na yake pia haikufaa. Basi mtoto akatiwa damu ya akiba, na aliyeitoa hajulikani ni nani, wala ni wa kabila gani, wala ni wa dini gani. Mtoto alipona. Lakini wazee wa nyumba hawakuridhika, na sasa wamekata shauri kwamba siku nyingine akiugua mtu kwao hawatakubali ila damu ya jamaa. Ndugu yetu auliza: je, shauri hili ni la haki?

Jawabu letu ni kuwa si la haki, na wala halina salama. Ama uhalali wa kutia damu, hatutarefusha maneno. Kilichoharimishwa ni kuila damu, na aliyefikwa na dharura amepewa ruhusa hata katika hicho. Seuze mgonjwa ambaye tabibu amekwisha sema kuwa hapana dawa nyingine. Tutazame lile walilolishika wazee, nalo ni neno "damu yetu".

Mtu husema "huyu ni damu yangu" akikusudia nasaba, na ni usemi mzuri. Lakini damu iliyomo mishipani haikugawanywa kwa nasaba. Mwaka wa 1901 tabibu mmoja wa Vienna, Karl Landsteiner, alibainisha kuwa damu za watu si moja, na leo twayajua makundi manne: A, B, AB na O. Mwenye A ana alama ya A juu ya chembe zake nyekundu, na katika maji ya damu yake mna askari walio tayari kupigana na B. Mwenye B ni kinyume chake. Mwenye AB ana alama zote mbili, na hana askari wa kuzipinga. Mwenye O hana alama hata moja, na ana askari wa kuzipinga zote mbili, kwa hivyo hapokei ila O. Ukimtia mtu chembe za damu isiyo yake, askari wale huzivamia zikapasuka, figo zikaharibika, na aweza kufa kwa damu isiyojaza hata kikombe.

Sasa jueni kuwa mtoto hurithi herufi moja kwa baba na moja kwa mama. Baba huenda akawa A, na ndani yake pana O iliyofichika. Mama akawa B, naye ana O yake iliyofichika. Mtoto akatwaa zile mbili zilizofichika, akawa O. Hapo hapokei damu ya baba wala ya mama, ingawa ni mwana wao wa halali asiye na shaka. Twasema haya kwa sababu tumepata kusikia maneno mabaya yakisemwa juu ya mwanamke kwa ajili ya karatasi ya hospitali ambayo wasomaji wake hawakuifahamu. Na mtu baki aliye O, atokaye Molo au Naivasha au Kabarnet, damu yake yamfaa mtoto yule. Katika Kenya kundi la O ndilo kubwa, lakaribia nusu ya watu.

Wazee wadhani kuwa damu ya jamaa, ikiwa ni ya kundi moja na mgonjwa, haina khatari. Matabibu wasema kinyume. Damu ya jamaa wa karibu yaweza kufanana na ya mgonjwa hata mwili wake usiitambue kuwa ni ngeni. Basi chembe nyeupe za mtoaji hukaa, kisha zikaanza kuushambulia mwili uliozikaribisha. Ni jambo la nadra, lakini aliyepatwa nalo ni shida kupona, na nchi zenye vyombo huipiga miale damu ya jamaa kabla ya kuitumia. Vile vile mume hapendelewi kumtolea damu mkewe ambaye bado ana umri wa kuzaa, maana mwili wa mke waweza kuandaa askari dhidi ya alama za mume, na baadaye wakamdhuru mtoto tumboni.

Liko jambo jingine, nalo kwetu sisi ndilo zito zaidi. Kabla ya mtu kutolewa damu huulizwa maswali: umepata kuugua nini, watumia dawa gani, na mambo mengine ya siri ya maisha yake. Kisha damu hupimwa ukimwi, homa ya ini za aina mbili, na kaswende. Lakini vipimo vina mpaka wake, kwani ugonjwa ulioingia mwilini siku chache tu zilizopita huenda usionekane. Uchunguzi wa mwaka wa 1994 katika hospitali sita za Kenya ulikadiria kuwa damu mbili katika kila mia zilizotiwa wagonjwa ziliwaambukiza virusi vya ukimwi. Tangu siku hizo kazi imetengenezwa sana, na hali haiko tena vile. Lakini mlango wa kwanza wa salama ungali ni ulimi wa mtoaji. Mfikirieni basi kijana aliyeletwa na wajomba zake, na wakwe wamesimama nje wakimngoja. Ana jambo ambalo linamzuia kutoa. Atasemaje "mimi sifai" na wote watauliza kwa nini? Aghlabu atasema uwongo. Aliyekuja kwa hiari, ambaye hapana amtazamaye, aweza kuondoka bila ya kuulizwa neno. Kwa hivyo wazee wanaomlazimisha kijana kwa jina la udugu huenda wakawa ndio wanaomtia mgonjwa wao katika hilaki.

Hatuwalaumu jamaa wanaoitwa na hospitali kuja kujaza pengo la akiba. Hao na waende. Twalaumu ile kauli ya "hatutaki ya watu". Huduma ya damu ya taifa ilisimamishwa baada ya bomu la Nairobi la Agosti 1998, vikawekwa vituo sita vya mikoa, Nakuru kimoja na Mombasa kingine. Na ni nani waliojaza akiba hiyo miaka yote? Wengi wao ni wanafunzi wa skuli za sekondari, watoto wa watu. Wakienda likizo, akiba hupungua. Mwaka wa 2019 msaada wa Marekani ulikatika, mwaka wa 2020 skuli zikafungwa kwa ajili ya korona, na upungufu ukadhihirika kwa kila mwenye macho. Sisi watu wazima wenye maduka tulikuwa wapi?

Nakuru khasa haina budi na akiba hiyo. Barabara kuu yapita pale, na pale Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 walikufa usiku mmoja tarehe 31 Desemba 2017. Majeruhi wa barabarani hangoji jamaa zake wapande basi kutoka Malindi. Na damu haiwekwi kama nafaka: chembe nyekundu hukaa siku 35, au 42 zikitiwa dawa, kisha humwagwa. Basi kumiminika siku ya msiba na kusahau miezi sita hakusaidii. Tena mji ule ulimwaga damu ya watu kwa ukabila mwezi wa Januari 2008. Si mahali pa kurudisha swali la kabila kitandani mwa mgonjwa.

Ama mwenye Rh hasi, twaona jukumu lake limezidi. Ulaya wako kama 15 katika mia. Kwetu hawafiki hata kumi. Kutoa damu ni faradhi ya kutoshelezana, lakini ikiwa mgonjwa hana wa kumfaa ila wewe, na hudhuriki, faradhi imekukalia shingoni. Kwa hivyo kila mmoja na alijue kundi lake. Na majina yetu yafanana mno: wodi moja yaweza kuwa na Fatuma Ali watatu, na makosa mengi ya kutia damu ni ya kubandika jina. Tajeni majina matatu na tarehe ya kuzaliwa, wala msione haya kumuuliza muuguzi mara ya pili.

Ndugu yetu pia auliza kama mtoto na yule mtoaji wamekuwa maharimu, kama wa kunyonya. La. Baraza la fiqhi la Makka lilikwisha amua mwaka wa 1989 kwamba hukumu ile ni ya maziwa peke yake. Na auliza vipi atampata mtoaji ampe zawadi. Hatampata, kwani majina hayatolewi, na damu haiuzwi. Aulize katika kituo ni siku gani wapokea watu.