Kiumbe Asiye na Macho

Hapa Kasugho, jirani na hifadhi ya Tayna, ni rahisi kuhubiri kwamba kila kiumbe ni cha Mungu. Gorila akikutazama, unaamini. Lakini mimi katekista nilizaliwa Beni, katika shamba la robusta, na nilimwona baba akiing'oa mikahawa yake na kuichoma palepale. Ugonjwa wa mnyauko hauna dawa. Majani hukauka, na ukibandua gome unakuta mti umeingia weusi wa samawati. Anayeua ni kuvu, Fusarium xylarioides, anayepenyea kwenye jeraha la panga na kuziba njia za maji. Mwaka 1993 alionekana pia Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu.

Mwanafunzi mmoja wa kilimo alinijia baada ya misa, roho ikimsumbua. Alikuwa amefundishwa jinsi kuvu za jamii ya Fusarium zinavyochunguzwa. Nyuzi changa hutiwa vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta za seli, kikabaki kitone cha mviringo chenye utando mwembamba tu: protoplasti. Kikiwekwa katika maji matupu, kitayafyonza hadi kipasuke. Kwa hiyo hutunzwa katika maji yaliyopimiwa sukari au chumvi, mpaka kijijengee ukuta mpya na kuchipua uzi. Kikiwa bado uchi, huweza kuingiziwa DNA ili jeni fulani izimwe, ijulikane kama ndiyo inayodhuru mmea.

"Katekista," akaniuliza, "si usaliti kumlea hivyo aliyetufilisi?"

Nilimjibu kwamba si usaliti. Amri ya kumpenda adui inahusu watu. Kuvu hana dhambi ya kusamehewa, na asiye na dhambi hatuna haki ya kumchukia. Adamu aliagizwa kuitunza bustani, hakuagizwa kutunza vya kupendeza peke yake. Moto wa baba ulikuwa wa lazima, ila moto haumfundishi mtu kitu. Anayetaka kujua mti unauawaje hana budi kumweka muuaji hai, tena kwa uangalifu.

Sharti langu ni moja. Ukuta ukisharudi, kiumbe yule hahitaji tena ulinzi wa mtaalamu. Basi anayebadilisha jeni zake amfungie ndani ya maabara, na awe tayari kujieleza mbele ya wakulima wa Beni. Utunzaji usiokubali kuulizwa na mwenye shamba siuiti utunzaji.