Paka anapokojoa damu: Kumpasua ni israfu?

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Mpanda aliniuliza: "Ustadhi, paka wa nyumbani akiota uvimbe kwenye kibofu, mwenyewe akatoa pesa nyingi ili apasuliwe, hiyo si israfu?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile ni zito kuliko linavyosikika.

Huku Katavi ng'ombe akikojoa damu, mwenyewe hangoji adhuhuri. Anajua kuwa ni ugonjwa wa kupe, anakimbilia duka la dawa za mifugo au anamtafuta bwana mifugo, na sindano inachomwa siku hiyo hiyo. Paka akikojoa damu hufukuzwa jikoni kwa ufagio. Wote wawili wanaumwa; tofauti ni kwamba ng'ombe ana bei mnadani.

Sasa, fiqhi haikuifunga haki ya mnyama kwenye bei yake. Sheikh Izzud-Din bin Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki Misri mwaka 1262, alipozitaja haki za wanyama juu ya wanadamu alianza na kuwalisha na kuwahudumia hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Msomaji azingatie hapo: hata wasipokuwa na faida. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kama kuna ujira katika kuwatendea wema wanyama, alijibu kuwa upo kwa kila kiumbe hai. Kisa chenyewe kilikuwa cha mbwa mwenye kiu, mnyama ambaye wengi wetu hatutaki hata atusogelee.

Wapo watakaosema: Kanda ya Ziwa watu wanapata saratani ya kibofu kwa sababu ya kichocho, wanahangaika kufika Bugando, na wewe unazungumzia paka! Hoja hiyo naiheshimu. Kama pesa ni hiyo moja na binadamu mgonjwa yupo mlangoni, binadamu atangulie. Ila mara nyingi anayeitoa hoja hiyo hajampa mgonjwa huyo hata nauli. Pesa iliyookolewa kwa paka imeishia kwenye sare za harusi.

Israfu ni kutumia pasipo manufaa, kwa hiyo tuulize upasuaji unamfaa nini mnyama. Kama ni mawe ya kibofu, unamfaa sana. Yakitolewa hupata nafuu. Saratani ni habari nyingine. Kwa mbwa, ambao huipata zaidi kuliko paka, mara nyingi huota shingoni mwa kibofu, pale mirija ya kutoka kwenye figo inapoingilia na mkojo unapotokea. Daktari ni vigumu kuukata uvimbe wote bila kuharibu njia hizo, na ukibaki hukua tena. Kumsafirisha mnyama wa namna hiyo kutoka Mpanda kupitia Tabora na Dodoma hadi hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, naona mara nyingi ni kuufariji moyo wa mwenye mnyama huku mnyama akizidi kuteseka. Kitakachomfaa ni dawa ya maumivu itakayopangwa na daktari wa mifugo. (Tafadhali, usimpe paka Panadol. Kwake ni sumu.)

Na dawa isipotuliza? Hapa ndipo penye ugumu kwetu. Wanavyuoni wa Shafi, akiwemo Ibn Hajar al-Haytami, wameharamisha kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha. Katika vitabu vya Hanafi imo ruhusa ya kumchinja punda mgonjwa asiyetarajiwa tena. Mimi ninayefundisha Shafi kila siku naona katika suala hili hoja ya Hanafi ina nguvu zaidi, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha wema hata katika kuua na kuchinja: kisu kinolewe, mnyama asiteswe. Masheikh watakaonipinga watueleze afanyiwe nini paka anayelia usiku kucha akijaribu kukojoa. Jibu lao nalisubiri, ila lisiwe lile la kumtia kwenye kiroba na kumtupa njia ya Inyonga.