Akivunjika Mguu, Asivunjike Moyo

Siku ya harusi yenu mliahidiana mbele ya padre na mashahidi kwamba mtapendana katika afya na katika ugonjwa. Wengi wetu tulipotamka neno "ugonjwa" tulifikiria malaria ya siku tatu, au uzee ulio mbali sana. Hatukufikiria pikipiki. Leo hapa Bahati, kando ya barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu, utamjua mtu aliyeanguka na bodaboda au aliyegongwa nayo. Wengine huteleza shambani wakati wa mvua, wengine hupigwa teke na ng'ombe wakikamua. Mguu huvunjika kwa dakika moja. Lakini mfupa wa muundi wa mtu mzima huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga, na mara nyingine zaidi. Miezi hiyo ndiyo huijaribu ndoa kuliko siku ya ajali yenyewe.

Siku ya ajali watu ni wengi. Majirani wanafika, jumuiya ndogo ndogo inaleta unga na sukari, harambee inafanywa ili hospitali ilipwe. Baada ya wiki chache hodi zinapungua. Mnabaki ninyi wawili, plasta, na magongo yameegemezwa ukutani.

Hapo ndipo swali letu linapoingia: je, kumfanyia mgonjwa kila kitu ni kumpenda?

Tuseme aliyeumia ni baba. Mama anaamka alfajiri, anakamua, anapeleka maziwa, anawatayarisha watoto kwenda shule, anarudi kumwosha mzee na kumletea chai kitandani, kisha anashika jembe. Anastahili sifa, na sisi tunampa. Lakini mwangalieni na yule mzee. Zamani aliulizwa, "Baba watoto, tuuze mahindi sasa au tungoje bei ipande?" Sasa mahindi yameshauzwa, naye amepata habari kutoka kwa mtoto. Hakuna aliyemdharau; walitaka apumzike tu. Hata hivyo amejifunza jambo moja, kwamba nyumba inakwenda bila yeye. Ndipo anaanza kulala mchana kutwa, anaacha kunyoa ndevu, anafoka kwa sababu ya chumvi kidogo. Tunasema ana hasira za ugonjwa. Kwa maoni yangu, mara nyingi ni hasira za mtu aliyefutwa kazi nyumbani mwake mwenyewe.

Na mwili wake hausaidiki kwa kulala. Misuli isiyotumika huanza kupungua katika siku za kwanza tu. Kulala bila kugeuka huleta vidonda vya mgongo, hudhoofisha kifua, na damu inaweza kuganda miguuni. Kwa sababu hiyo wauguzi humsimamisha mgonjwa mapema hata akilalamika, na mtaalamu wa viungo humpa mazoezi ya kufanya nyumbani. (Mguu ukanyage chini lini, na kwa uzito gani, aseme daktari aliyeona picha ya mfupa. Jirani asiseme, hata kama naye aliwahi kuvunjika.)

Wakenya wengi wanamfahamu Henry Wanyoike wa Kikuyu. Alikuwa kijana mkimbiaji hadi mwaka 1995, alipopatwa na kiharusi akapoteza karibu uwezo wake wote wa kuona. Si ajali ya barabarani, lakini kukata tamaa ni kulekule. Kabla ya kurudia mbio alijifunza kufuma masweta huko Machakos. Sweta haimrudishii mtu macho, lakini kuna mtu atakayeivaa, na aliyeifuma anajua hivyo. Mwaka 2000 alikwenda Sydney kwenye Olimpiki ya Walemavu, akakimbia mita 5,000 pamoja na mwongozaji wake. Mwongozaji huyo alikuwa amedhoofishwa na malaria, na karibu na mwisho nguvu zikamwishia. Basi asiyeona akamvuta mwenye kuona hadi mwisho, wakapata medali ya dhahabu. Ninyi mnaouguzana, fikirini habari hiyo. Anayeongoza naye huchoka, na huenda anayeongozwa ndiye mwenye nguvu za kumvuta siku hiyo.

Kwa hiyo mwachieni mgonjwa kazi, na iwe kazi ya kweli. Kazi ya kumbembeleza ataitambua mara moja, kama vile mtoto anavyojua amepewa ufagio ili asisumbue. Akae na daftari la maziwa na hesabu za mwezi. Achague mbegu. Asimamie masomo ya watoto jioni. Amenye viazi pia. Najua mabwana wengine watakunja uso hapo, lakini mikono haikuvunjika. Na mazoezi yake yawe na mahali pa kufika: wiki hii hadi mlangoni, wiki ijayo hadi kwenye tangi la maji, baadaye hadi langoni amsalimie mpita njia. Zitakuwapo siku za kurudi nyuma, mguu umevimba na mtu hataki hata kusemeshwa. Siku kama hiyo msimhubirie.

Sasa tugeuze kibao. Tuseme aliyeumia ni mama. Hapo mambo huwa kinyume kabisa. Baba hupumzishwa mno, mama hapumzishwi vya kutosha. Wiki ya pili yuko jikoni kwa gongo moja, anainama kupuliza moto, na watu wanamsifu kuwa ni mwanamke shupavu. Mabwana, je, hiyo ni sifa, au ni njia ya kutushusha sisi mzigo? Kumwita dada yake au binti aje kupika si kosa, lakini kama wewe ni mzima na uko nyumbani, jiulize kwa nini wewe si wa kwanza kuitwa. Mke kama huyu hahitaji kutiwa moyo afanye kazi. Anahitaji mtu wa kumwambia keti, kisha mtu huyo aoshe sufuria.

Hakuna kanuni moja ya kila nyumba, kwa hiyo ulizaneni. "Nikusaidie nini, na nini nikuachie?" Ni swali dogo, lakini wapo wanaouguzana miezi mitano bila kuulizana. Kesho asubuhi, kabla ya kumpelekea mwenzako chai kitandani, mwulize kama anaweza kuja kuinywa mezani. Hatua kumi zitamchukua muda, na chai itapoa. Mngoje.