Subira Hutaka Mlango

Mwezi wa nne, mvua zinapokatika kwenye nyanda za juu za Johannesburg, hewa hukauka na usiku huanza kuuma. Jua la mchana lipo lakini halichomi, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Kwa anayelima bangi nyumbani kwake, huo ndio msimu wa mavuno, na baridi hiyo ni msaada mkubwa, maana kazi iliyobaki haitaki moto. Matawi hukatwa mazima, majani makubwa hupunguzwa, kisha yananing'inizwa kichwa chini katika chumba chenye giza. Joto linalotafutwa ni nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi, na unyevu wa hewa asilimia 55 hadi 60. Feni ndogo huwashwa ili hewa isilale, ila haielekezwi kwenye maua. Halafu mtu anangoja siku 10, pengine 14.

Utayari hupimwa kwa sikio. Ukikunja kijiti chembamba kikapinda kimya, rudi kesho. Kikikatika kwa mlio, maua yachumwe kwenye matawi na kutiwa katika chupa za kioo, robo tatu tu, zifungwe. Hapo ndipo wageni wa kazi hii hushangaa: ua lililokuwa kavu jana, asubuhi hulikuta limelegea tena, kwa sababu maji yaliyojificha moyoni mwake yametoka nje. Basi chupa hufunguliwa kila siku kwa dakika chache, ipumue, ifungwe tena. Ikitoa harufu kali ya amonia, bakteria wameshaanza kula, na maua hayana budi kuanikwa upya. Wiki ya kwanza ikipita salama, chupa hufunguliwa mara mojamoja, na huachwa kabatini mwezi mmoja au miwili.

Kwa nini taabu yote hiyo? Harufu ya mmea huu imo katika mafuta mepesi sana, yale ambayo wanakemia huyaita terpini, na baadhi yake hupaa haraka joto likizidi. Rangi ya kijani nayo, klorofili, huhitaji muda ili ivunjike. Ikikaushwa ghafla hubaki pale pale, na moshi wake hukwaruza koo na kunuka nyasi zilizokatwa. Bangi iliyokaushwa kwa haraka ni kama andazi lililokaangwa kwa moto mkali: ganda limeiva, ndani unga. Ila baridi pekee haitoshi. Chumba baridi chenye unyevu mwingi huleta ukungu wa kijivu unaoanzia katikati ya ua, na asiyelipasua ua hauoni. Mtu wa Durban, karibu na bahari, ana vita tofauti kabisa na mtu wa Johannesburg.

Sisemi haya kumshawishi mtu. Kenya na Tanzania kuotesha bangi ni jinai yenye kifungo kirefu, na madhara yake kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua si hadithi za kutishia watoto. Kinachonishika katika kazi hii ni subira yake, na swali la nani anayeiweza.

Tumezoea kuisema subira kana kwamba ni tabia ya moyo. Mvumilivu hula mbivu, tunamwambia mtu, na asiyekula mbivu tunamwona amejiponza kwa pupa yake. Lakini hebu mfikirie mwenye bangi huyo huyo miaka 15 iliyopita, katika nchi hiyo hiyo. Matawi yanayokauka hunuka, na hunuka zaidi kadiri unavyoyatendea vema. Wiki mbili za kukausha zilikuwa wiki mbili za harufu kuvuka ukuta hadi kwa jirani, na miezi miwili ya chupa kabatini ilikuwa miezi miwili ya ushahidi. Kwa hiyo watu walitumia jiko la oveni, au bati lililopigwa na jua la saa sita, na mali ikaondoka siku hiyo hiyo. Walijua wanaiharibu. Waliogopa zaidi mlango kugongwa.

Mambo yalibadilika tarehe 18 Septemba 2018, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipoamua kwamba mtu mzima kulima na kutumia bangi yake mwenyewe mahali pa faragha si kosa tena. Nyuma ya kesi hiyo alikuwepo Gareth Prince, Mrasta aliyesomea sheria, ambaye miaka ya tisini alinyimwa nafasi ya kuingia katika uwakili kwa sababu alikwisha kutiwa hatiani kwa kukutwa na bangi na hakuahidi kuiacha. Mwaka 2002 alishindwa katika mahakama hiyo hiyo kwa kura 4 dhidi ya 5. Akarudi. Mara ya pili majaji wote walikuwa na kauli moja, na hukumu iliandikwa na Raymond Zondo. Hapo nasimama kidogo, maana mahakama haikusema mmea huu ni mzuri. Ilishika kifungu cha 14 cha katiba, kile cha faragha: kuna mahali ambapo mkono wa dola haufiki bila sababu nzito. Bunge lilipewa miezi 24 kurekebisha sheria. Rais Ramaphosa alitia saini sheria mpya mwezi Mei 2024. Dola nayo ina subira zake, hasa inapojisubirisha yenyewe.

Naisoma hukumu ile kama hukumu juu ya muda. Mwenye faragha amepewa wiki mbili za kuacha matawi yakauke kwa hatua yake, na miezi ya kufungua na kufunga chupa bila kutazama dirishani. Adabu ya kungoja ikaja baadaye, yenyewe, kwa watu wale wale waliokuwa wakichoma mavuno yao kwenye oveni. Tabia zao sidhani kama zilibadilika. Waliongezewa mlango.

Ila mlango wenyewe si wa kila mtu. Chumba cha kupanga huko Alexandra, Johannesburg, ambamo familia inapika, inalala na kuanika nguo za shule, hakiwezi kukaa kwenye nyuzi 16 wala gizani kwa wiki mbili. Faragha iliyoandikwa kwenye katiba inamkuta kila raia. Faragha yenye kuta inamkuta mwenye chumba cha ziada.

Jambo hili silioni kwenye bangi peke yake. Pale Sambava na Antalaha, kaskazini mashariki mwa Madagaska, hupatikana sehemu kubwa ya vanila ya dunia, na sijui zao jingine linalodai kungoja kiasi kile. Ua huchavushwa kwa mkono, asubuhi ya siku linapofunguka. Ganda hukaa kwenye mmea miezi 9 hivi. Likichumwa huchovywa kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 65 kwa dakika chache, hufungiwa kwenye mablanketi litoe jasho, huanikwa juani saa chache kila siku na kufunikwa tena, kisha kivulini kwa wiki nyingi, kisha kwenye masanduku kwa miezi mingine. Vidole vya wanawake wanaochambua hupapasa kila ganda, mojamoja, kujua lipi limebakiza maji.

Mnamo 2018 kilo ya vanila iliyokaushwa ilipita dola 500. Wezi wakaingia mashambani usiku. Wakulima wakaanza kulala na mapanga chini ya miti, na kudonoa alama zao kwa pini kwenye maganda mabichi ili yakiibwa yatambulike sokoni. Wengi waliamua kuchuma mapema, maganda yakiwa bado machanga na harufu haijajengeka ndani, kwa hesabu rahisi: nusu ya thamani mkononi kuliko thamani yote mfukoni mwa mwizi. Kisha wanunuzi wa nje wakalalamika kuwa ubora umeshuka, na lawama ikamrudia mkulima mwenye haraka. Uganda, huko Bundibugyo na Mukono, ilikuwa vile vile, hata serikali ikaanza kutangaza tarehe ya kufungua msimu wa kuchuma. Tarehe ni jambo jema. Lakini haikeshi shambani.

Ndiyo maana nasita ninaposikia mtu akimhubiria maskini subira. Mara nyingi anayehubiri ameshiba, ana ufunguo wa ghala, na ana askari mlangoni. Si kwamba pupa haipo. Ipo, nami nawajua wenye nyumba kubwa wanaopasha mavuno kwenye maikrowevu ili waonje jioni hiyo hiyo. Hao walaumiwe kwa pupa yao. Wengine tuwaulize kwanza wanamwogopa nani.

Na huko Afrika Kusini wapo wa kuulizwa. Vilima vya Pondoland, katika Eastern Cape, vimelima bangi kwa vizazi, na kwa miaka mingi helikopta za polisi zilipita juu yake zikinyunyiza dawa ya kuua mimea. Sheria ya 2024 inagusa matumizi binafsi. Biashara imebaki kosa. Leseni za kulima kwa ajili ya dawa zipo, zenye masharti ya uzio na ulinzi ambayo mwenye ng'ombe wawili hayawezi. Matokeo yake mtu wa mjini mwenye mimea michache nyuma ya nyumba ndiye anayejifunza kukausha polepole, na aliyerithi mbegu kutoka kwa bibi yake bado anauza bangi yake kwa magunia, kwa bei anayopangiwa. Kuhusu kungoja hana la kufundishwa, kwani amengoja kuliko Prince. Anachokosa ni ghala lenye kuta nene, kibali, na mnunuzi anayekuja mchana.