Mkono Uliokatika Hauombi Sadaka



Katika nchi ya Buha wazee husalimiana kwa kupiga makofi polepole, na salamu hiyo yataka mikono miwili. Jembe nalo lataka miwili. Basi twafahamu msiba wa nyumba ya Heru Juu ambayo kijana wake aliondoka mzima kwenda kutafuta kazi, akarudi na mkono mmoja.

Safari hiyo si ngeni. Katika miaka ya 1940 na 1950 Waha wengi wa Kasulu na Kibondo walishuka Kigoma, wakapanda treni kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Kiwandani, mashine ya korona ilivuta majani na kuyaparuza kwa nguvu. Haikujua kutenga jani na kidole. Ghalani, marobota mazito yalipangwa moja juu ya jingine. Siku hizi vijana huenda kwenye maghala na viwanda vya mijini. Mashine zimebadilika, vidole ni vile vile.

Aliyeumia mara nyingi hupewa pole na nauli, tena huambiwa kwamba alizembea. Hurudi kwao, akauficha mkono ndani ya koti, na jamaa husema: ni mapenzi ya Mungu. La hasha! Kuvumilia mateso ni fadhila, lakini kunyamazia dhuluma si fadhila.

Torati ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, yaagiza kwamba mtu aliyemjeruhi mwenzake amlipe kwa siku alizokosa kazi, na kugharimia uponyaji wake. Naye Mtakatifu Marko, katika sura ya 3, atueleza habari za mtu mwenye mkono uliopooza. Bwana wetu hakumponya kwa siri mlangoni. Alimwita asimame katikati ya watu wote, hata mbele ya wale waliomvizia, akamwamuru aunyoshe mkono wake. Mkono ule haukuwa aibu ya kufichwa. Ulikuwa shauri la wote.

Kanisa limeshika njia hiyo. Baba Mtakatifu Leo wa 13 alitetea haki za wafanyakazi katika barua yake ya mwaka 1891, na Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanyakazi, hasa akipatwa na ajali kazini, apate matibabu kwa urahisi, hata bure ikiwezekana.

Sheria ya Tanzania nayo yasema wazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri ndiye achangiaye, wala si halali kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili hiyo. Mfuko hutoa matibabu, malipo ya muda ambao mtu hawezi kufanya kazi, na fidia ya kilema cha kudumu. Mwenye jeraha hana haja ya kuthibitisha kwanza kosa la tajiri wake. Basi fidia si sadaka, ni deni.

Ninyi waajiri Wakristu, wekeni vikingio kwenye mashine kabla damu haijamwagika, na ajali ikitokea itoeni taarifa bila hila. Kumpa mtu nauli ili anyamaze ni kumwibia. Ninyi wafanyakazi, toeni habari ya jeraha mara moja, tunzeni vyeti vya hospitali, tajeni mashahidi, wala msikawie kudai. Kibarua asiye na karatasi ya mkataba asikate tamaa kabla ya kuuliza. Nanyi jamaa wa nyumbani, msimfiche mwana wenu. Asiyejua kusoma asindikizwe na anayejua; hilo nalo ni tendo la huruma.

Siku ya mwisho Bwana atatuonyesha mikono yake yenye makovu. Heri yetu tukiwa tuliitambua mapema, katika mikono ya ndugu zetu.