Mlango Wazi Hautoshi

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, akaomba maoni. Watu asiowajua waliitika, wakaleta masahihisho. Mfumo huo, Linux, leo ndio kiini cha simu za Android. Basi kazi hiyo kubwa ilijengwa kwa mikono ya wageni.

Programu za namna hii huitwa huria, maana leseni zake zampa kila mtu ruhusa ya kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Lakini twauliza: je, ruhusa ni sawa na ukaribisho? Mlango waweza kuwa wazi, na mwenyeji akamkaripia kila apigaye hodi.

Wako wasemao kwamba ukali ni ulinzi wa kazi, kwa kuwa kosa moja laweza kuvuruga kompyuta nyingi mno. Neno hilo lina ukweli, wala hatulidharau. Mlezi wa programu, ambaye mara nyingi hujitolea bila mshahara, hana budi kuyakataa yasiyofaa. Ila kuikataa kazi ni jambo moja, na kumdhalilisha aliyeileta ni jambo jingine. Kosa husahihishwa kwa kuonyeshwa lilipo na sababu yake. Tusi halionyeshi lolote. Torvalds mwenyewe, aliyejulikana kwa maneno makali, aliomba radhi hadharani Septemba 2018, akajitenga na kazi kwa muda ili ajirekebishe. Na mwezi uo huo kanuni mpya za mwenendo zikawekwa. Hatuoni kwamba heshima yake ilipungua kwa hayo.

Wala si tusi tu lifukuzalo. Kimya nacho hufukuza. Mtu aliyekesha akitengeneza sahihisho, kisha asijibiwe kwa miezi, amekwisha kujibiwa. Yafaa basi wenyeji waandike maelezo yanayoeleweka, wawatengee wanaoanza kazi ndogo ndogo, na wajibu mapema hata kama jibu ni hapana. Mgeni naye ana wajibu wake: asome maelezo kabla ya kuuliza, na akubali kusahihishwa.

Wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walezi wa leo watachoka na kuzeeka. Huyo wanayemfukuza leo huenda ndiye ambaye angaliwapokea mzigo kesho.